Geji imejaa upepo lakini gari halishiki: breki za upepo na za mafuta zinaachana wapi?

#1 Kibaigwa Mizigo

Wakuu salaam.

Ubishi huu umezunguka gereji za Kizota mpaka umechosha, nauleta hapa ujibiwe kwa vipimo. Kundi moja linasema breki za upepo hazifeli: upepo ukiisha gari linajifunga lenyewe, hofu ya nini? Kundi la pili linasema breki ni ya mafuta, ukigusa imeshika, hizo za upepo mpaka upige hesabu kwanza. Wakati wanabishana, semi inashuka mlima Nyang'oro kuja Mtera na mbao za Mafinga, geji zote mbili ziko juu, dereva kakanyaga mpaka mwisho na gari halishiki.

Nataka kujua mawili tu. Kwa nini malori makubwa yasitumie mafuta kama Kanta? Na inawezekanaje upepo uwepo, breki isiwepo?

#2 Spana14

Nianze na la pili, maana ndilo linalozika watu.

Geji inakuonyesha upepo uliomo mtungini. Yanayotokea kwenye gurudumu haiyajui. Fuata njia yenyewe: ukikanyaga, upepo unatoka mtungini kupitia vali ya mguu, unapita vali ya rilei iliyo karibu na ekseli, unaingia kwenye busta, lile kopo la chuma nyuma ya gurudumu. Ndani ya busta dayaframu ya mpira inasukuma fimbo, fimbo inasukuma mkono wa adjasta (kirekebisha breki), adjasta inazungusha kamshafti yenye kichwa cha herufi S, na ile S inatanua viatu (vyuma vilivyopinda) vibane dramu, ile ngoma inayozunguka na gurudumu.

Busta namba 30 maana yake dayaframu ina eneo la inchi 30 za mraba. Ipe psi 100 (pauni 100 kwa kila inchi ya mraba), karibu bar 7, fimbo inatoka na nguvu ya pauni 3,000, sawa na kilo 1,360. Nguvu ipo tele. Shida ni kwamba fimbo ina mwisho wa safari: milimita 64, basi. Kikomo cha kurekebishia, breki ikiwa imekanyagwa, ni milimita 51. Ukivuka hapo nguvu inaporomoka haraka, na fimbo ikifika 64 dayaframu inabaki kusukumana na kopo lake yenyewe, kiatu hakipati kitu.

Sasa weka moto. Dramu ikichemka inatanuka na kujitenga na viatu. Fimbo iliyokuwa inatoka milimita 50 pale juu gari likiwa limepoa, katikati ya mteremko inadai 60. Lainingi, yaani bamba za kusugua zilizo juu ya viatu, nazo zikizidiwa na moto zinaanza kuteleza. Dereva anaongeza mguu, geji inasoma 110, buza la kuonya upepo mdogo halijalia, kwa sababu hakuna upepo uliopotea popote. Hiyo ndiyo "upepo upo, breki hakuna" unayoisikia.

Na mguu hauambiwi. Kwenye breki ya mafuta pedali ikianza kuzama au kuwa kama sponji unashtuka mapema. Pedali ya upepo inasukumana na springi na mpira ndani ya vali ya mguu tu. Adjasta ziwe sawa au ziwe hovyo, mguu unasikia kitu kilekile.

#3 Mnyampaa

> Spana14 aliandika: Pedali ya upepo inasukumana na springi na mpira ndani ya vali ya mguu tu.

Mkuu, sasa ikianza kulegea si unapiga pampu? Kwenye Kanta ukipiga mara mbili tatu pedali inapanda na gari linashika.

#4 Spana14

Mnyampaa, umegusa penyewe. Tabia hiyo ndiyo anayotoka nayo dereva kwenye Kanta na kupanda nayo kwenye semi.

Kwenye mafuta kupiga pampu kuna maana. Kila pigo masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, inachota mafuta mengine kwenye kopo lake la akiba na kuyasukuma mbele, viatu vilivyokuwa mbali vinasogezwa karibu na dramu. Ni tiba ya dharura, siyo matengenezo, lakini inafanya kazi.

Kwenye upepo, kila ukiachia pedali, hewa yote iliyoingia kwenye busta inamwagwa nje. Ule mlio wa pshhh ndiyo breki yako inaondoka. Busta namba 30 iliyotoa fimbo milimita 50 imemeza karibu lita nzima ya hewa iliyobanwa. Zidisha kwa busta zote za gari na tela, halafu zidisha kwa mapigo ishirini. Kompresa haikimbizani na hilo. Na adjasta zikiwa zimelegea kila busta inameza zaidi, kwa hiyo gari lenye breki mbovu ndilo linalomaliza upepo upesi.

Kushuka ni hivi. Gia nzito inaingizwa KABLA ya kilele, siyo ukishaanza kubiringika. Egzosti breki au ritada (vinavyopunguza mwendo bila breki za magurudumu) ikae imewashwa muda wote. Chagua mwendo, tuseme kilomita 40 kwa saa. Ukifika 40 kanyaga kwa uthabiti mpaka 30, achia kabisa, acha gari lipande tena taratibu hadi 40, rudia. Mguu usikae juu ya pedali kwa kugusagusa kilomita nzima. Breki ya kugusagusa haipoi hata dakika moja.

Fri, yaani bila gia? Anayeshuka fri na tani 56 akidai anaokoa dizeli, hatuna cha kujadili naye.

#5 Binti Fluidi

Kaka zangu mnaizungumzia breki ya mafuta kama kitu cha watoto. Ngoja niitetee kidogo halafu nijibu swali la kwanza la mwenye uzi.

Mafuta hayabanwi. Ukisukuma huku yanasukuma kule papo hapo. Presha ndani ya bomba wakati wa kukanyaga kwa nguvu inafika bar 80, 100 na kuendelea, wakati upepo unafanya kazi kwa 7 au 8. Ndiyo maana silinda ya gurudumu ya Kanta inaenea kiganjani, na busta ya lori ni kama sufuria ya ugali wa watu wanne. Hewa inabanwa, inasafiri kwenye mabomba marefu, inajaza kopo, ndipo fimbo inasogea. Hesabia karibu nusu sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwisho wa mwendo kwa magari yanayozidi tani tatu na nusu, gari linakula mita 22 kila sekunde. Nusu sekunde ni mita 11, karibu urefu wa basi zima, kabla kiatu hakijagusa dramu. Walio upande wa mafuta hapo wana haki.

Kwa nini basi semi isitumie mafuta? Kwanza tela. Huwezi kuchomoa na kuchomeka bomba la mafuta yadi kila siku bila kumwaga fluidi (mafuta ya breki) na kuingiza hewa, na hewa ikiingia breki imekufa mpaka uitoe. Mipira ya upepo unaifunga kwa mkono, dakika moja, umemaliza. Pili, uvujaji. Kitundu kidogo kwenye bomba la upepo, kompresa inafidia na unafika gereji. Kitundu hichohicho kwenye bomba la mafuta kinamwaga fluidi, na kopo lako ni nusu lita au lita moja, halina pa kujazwa njiani zaidi ya chupa uliyobeba. Ndiyo, masta silinda za siku hizi zina njia mbili, moja ikifa nyingine inabaki, lakini unabaki na nusu ya breki. Tatu, nguvu. Dereva wa lori la upepo habonyezi viatu kwa mguu wake, anafungua vali tu. Ekseli sita au saba zinaweza kufungwa kwa kidole gumba cha mguu.

Ila kuna jambo moja la hapa kwetu Dodoma sijaona likitajwa. Kanta inategemea hidrovaki, kisaidizi cha pedali, na hidrovaki inafanya kazi kwa tofauti kati ya ombwe linalotengenezwa na pampu (mara nyingi iko nyuma ya altaneta) na uzito wa hewa ya nje. Tupo juu ya usawa wa bahari mita 1,100 na kitu. Hewa ya nje hapa ni kama kilopaskali 89, Dar ni 101. Msaada wa hidrovaki unapungua karibu moja ya nane, na hakuna fundi wa kuurudisha. Gari likipanda kutoka Pwani dereva akalalamika pedali imekuwa nzito kidogo, siyo lazima kitu kimeharibika. Kompresa ya upepo nayo inavuta hewa nyepesi, kwa hiyo mitungi inachelewa kujaa, lakini ikishafika bar 8 ni bar 8 ileile, Dodoma au Kurasini.

#6 Kibaigwa Mizigo

Dada asante, hiyo ya mwinuko sikuwa naijua. Na kuchemka kwa fluidi?

#7 Binti Fluidi

Ndilo gonjwa kubwa la breki za mafuta mlimani. Fluidi ina madaraja: DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, DOT 4 mpya nyuzi 230. Lakini fluidi inanyonya unyevu wa hewani, na ikishazeeka DOT 3 inachemka nyuzi 140, DOT 4 nyuzi 155. Ikichemka ndani ya silinda ya gurudumu inatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanwa. Pedali inakwenda mpaka chini, gari linaendelea na safari zake. Ukisimama robo saa mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inapanda, fundi anakagua haoni tatizo, unaambiwa gari ni zima. Siyo zima. Badilisha fluidi kila miaka miwili, yote, siyo kujazia.

Na tafadhali, msiweke oili ya injini wala ya stelingi kwenye kopo la fluidi. Mipira ya masta silinda inavimba, inaziba tundu la kurudishia mafuta, breki zinabaki zimeshika. Kusafisha mipira hiyo kwa petroli au dizeli ni kosa lilelile. Safisha kwa fluidi yenyewe au spiriti.

Kutoa upepo ulioingia kwenye fluidi: anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa magari yetu ya usukani kulia mara nyingi ni la nyuma kushoto. Mpira mwembamba kwenye nipo (skrubu ya kutolea upepo), ncha ya pili ndani ya chupa yenye fluidi kidogo. Msaidizi anakanyaga polepole na kushikilia, unafungua nipo robo mzunguko, pedali ikifika chini unafunga KABLA hajaachia. Rudia mpaka mapovu yaishe. Kopo lisishuke hata mara moja chini ya alama, la sivyo unaanza upya.

#8 Ekseli Saba

Mimi nabaki upande wa kundi la kwanza. Upepo ukiisha springi zinafunga. Kwa mafuta hakuna kitu cha namna hiyo. Mjadala umeisha.

#9 Spana14

Haujaisha, ndugu yangu.

Ni kweli busta ya springi, ile ya hendibreki, inashikiliwa wazi na upepo. Upepo ukishuka chini ya psi 60 hivi springi inaanza kusukuma, na ukiendelea kushuka inafunga kabisa. Wazo la gari kujifunga likipoteza upepo ni la zamani, George Westinghouse alilipeleka kwenye treni tangu 1872, ingawa pale kilichokuwa kinafunga ni hewa iliyohifadhiwa kwenye kila behewa, siyo springi.

Lakini angalia springi inafunga nini. Inasukuma fimbo ileile, adjasta ileile, viatu vilevile, dramu ileile. Kama fimbo imeshindwa kufikisha viatu kwenye dramu kwa upepo wa psi 110, springi itaifikishaje? Tena springi kadiri inavyofunguka ndivyo inavyopungua nguvu, kwa hiyo adjasta ikilegea springi inaumia zaidi kuliko upepo. Na busta za springi hazipo kila gurudumu. Ekseli ya usukani kwa kawaida haina.

Inakulinda bomba likipasuka na breki zako zikiwa zimepoa na kurekebishwa. Breki zilizochemka haziokolewi na springi.

Lingine: ukimaliza mteremko dramu zinanuka moshi, usivute hendibreki. Dramu ikipoa huku imebanwa inaweza kupasuka au kung'ang'ania. Simama pa tambarare, gia ndani, mawe kwenye matairi, subiri.

#10 Tela Mbili

Naongezea upande wa tela maana hapo ndipo pana ujinga mwingi.

Mpira mwekundu ni wa akiba, unajaza mitungi ya tela. Wa njano ni wa amri, unapeleka ujumbe wa pedali. (Vichwa vya Kimarekani wa amri ni wa bluu.) Mwekundu ukichomoka tela linajifunga palepale, kila mtu anajua. Wa njano ukichomoka au ukiwa haujashika vizuri, hakuna kinachotokea. Gari linakwenda kama kawaida mpaka siku utakapokanyaga, ndipo upepo unamwagika nyuma ya kabini na tela halipati amri. Kwa hiyo baada ya kufunga tela usitegemee kwamba limetembea. Utingo akae nyuma, dereva akanyage, fimbo za tela zitoke zote kwa macho.

Vichwa vya mipira vina ulimi wa kuzuia usifunge mwekundu mahali pa njano. Ukikuta ulimi umekatwa kwa tupa, kuna mtu alishindwa kutofautisha rangi. Badilisha kichwa.

Ukiona tela linasukuma kichwa ukishika breki, usikimbilie kulaumu breki za kichwa. Kwanza kagua tela, mara nyingi lainingi zake zimewekwa za aina nyingine, au sili ya habu (mpira wa kuzuia grisi katikati ya gurudumu) inavuja grisi juu ya kiatu.

#11 Mnyampaa

Na yale ma-Fuso yenye upepo na mafuta kwa pamoja? Hizo ni kundi gani?

#12 Binti Fluidi

Hizo ni upepo juu ya mafuta. Pedali inafungua upepo, upepo unasukuma pistoni ya ea-masta, ea-masta inasukuma fluidi kwenda kwenye magurudumu. Unapata wepesi wa upepo na presha kubwa ya mafuta. Unapata pia magonjwa ya pande zote mbili: kompresa ikifa huna breki, fluidi ikichemka huna breki.

Kinachonitisha ni watu kudhani kwa kuwa lina mitungi basi litajifunga lenyewe. Mengi ya aina hii, hasa ya zamani, hayana busta za springi. Hendibreki yake ni dramu moja nyuma ya giaboksi, inashika propela, shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Propela ikikatika au shafti ya ekseli ikivunjika, hendibreki inashika chuma kinachoning'inia na gari linaondoka. Lala chini uangalie kama kuna busta zenye vichwa viwili kwenye magurudumu ya nyuma. Kama hakuna, buza likilia usisubiri gari lijifunge. Simamisha ungali na upepo.

#13 Ekseli Saba

Sawa Spana14, nimekuelewa kwenye springi. Tupe basi namna ya kurekebisha adjasta kwa vipimo, siyo "zungusha mpaka ikaze".

#14 Spana14

Za mkono kwanza.

Gari tambarare, mawe mbele na nyuma ya matairi, mitungi imejaa, injini imezimwa, hendibreki imeachiwa ili springi zirudi. Usisahau kuachia hendibreki, maana wengi hupima springi zikiwa zimefunga na kupata namba za uongo.

Piga chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye busta. Mtu akanyage na kushikilia, geji ikiwa kati ya psi 90 na 100. Pima kutoka busta hadi chaki. Namba 30 isizidi milimita 51, namba 24 isizidi 44. Namba imepigwa kwenye mwili wa busta, isome, usikadirie kwa macho. Zipo za safari ndefu zenye kikomo kikubwa zaidi, nazo zina alama yake.

Kurekebisha: spana 14 au 9/16 kwenye kichwa cha skrubu ya adjasta. Kuna pete ya kufuli, isukume ndani kwa spana ndipo izunguke. Zungusha huku ukiangalia S. Ukizungusha upande sahihi viatu vinasogea kwenye dramu na fimbo inatulia. Ukiona unaivuta fimbo itoke kwenye busta, umekosea upande. Kaza mpaka viatu viguse, halafu rudisha robo hadi nusu mzunguko. Hakikisha pete ya kufuli imeruka nje, isiporuka adjasta itajifungua njiani. Mwisho vuta fimbo kwa mkono au kwa nondo fupi: isogee milimita 12 hadi 19. Pungufu ya hapo breki itakuwa inakwaruza na kuchoma dramu.

Fanya zote za ekseli moja siku moja. Ukirekebisha ya kushoto ukaacha ya kulia, umetengeneza gari linalovuta upande.

Na lainingi ikibaki unene wa milimita 6 katikati ya kiatu, usihangaike na adjasta. Badilisha.

#15 Tela Mbili

Na maji, jamani. Hewa ya Dar ni ya mvuke, mitungi inajaa maji huko. Huku kwetu kiangazi hewa ni kavu, utingo anavuta waya wa mtungi siku tatu hakuna kitu, ya nne anaacha. Safari ya kwanza ya bandarini anarudi na lita za maji na hakuna anayekumbuka kumwaga. Maji yanapunguza nafasi ya hewa mtungini na yanaozesha vali ndani.

Mwaga kila jioni, ukianza na mtungi wa kwanza baada ya kompresa. Angalia kinachotoka. Maji matupu ni kawaida. Uji wa kahawia au wa maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili, ringi za kompresa zinapitisha. Oili hiyo inaua dawa ya ndani ya draya (kikausha hewa), na ukibadilisha katriji ya draya bila kutengeneza kompresa umetupa pesa. Vumbi letu hili la Bahi na Manyoni nalo linaingia kwenye kompresa kama bomba lake la kuvuta hewa limepasuka kabla ya kufika kwenye filta ya injini. Hilo bomba halikaguliwi na mtu.

#16 Kibaigwa Mizigo

Wakuu, nimekusanya hivi kwa ajili ya ukaguzi wa asubuhi kabla ya kwenda milima ya Sekenke au Nyang'oro, nisahihisheni: jaza mitungi, zima injini, mawe kwenye matairi, achia hendibreki, kanyaga na kushikilia dakika moja. Kisha piga pedali mpaka buza lilie.

#17 Spana14

Sahihi. Weka namba tu. Katika ile dakika moja, lori peke yake lisipoteze zaidi ya psi 3, lenye tela lisipoteze zaidi ya psi 4. Likizidi, zunguka ukisikiliza, na penye shaka paka povu la sabuni. Hapo kwenye kupiga pedali, swichi ya gari iwe imewashwa, injini imezimwa. Buza au taa iwake kabla ya kushuka chini ya psi 60. Kama havikuwaka, swichi au waya umekufa. Kisha washa injini: kutoka psi 85 hadi 100 isichukue zaidi ya sekunde 45 ukiwa umeongeza resi. Huku kwetu juu usishangae sekunde chache zaidi ya Dar, ila ikifika dakika mbili kompresa imechoka au kuna mahali panavuja.

#18 Kibaigwa Mizigo

Nimepima tela kwa chaki. Busta sita, zote namba 30. Tano ziko kati ya 40 na 47. Ya nyuma kushoto inasoma 58. Adjasta zake ni za kujirekebisha zenyewe. Niizungushe kwa spana irudi 45?

#19 Spana14

Usiizungushe. Adjasta ya kujirekebisha iliyofika 58 inakwambia kuna kitu kimemshinda. Ukiizungusha utapata 45 leo, baada ya wiki utarudi 58, na safari hii hutapima.

Shika mkono wa adjasta uutikise juu na chini breki ikiwa imeachiwa. Kamshafti ikicheza, bushi zimekwisha. Chomoa pini inayounga fimbo na adjasta, iangalie kama imelika upande mmoja. Angalia breketi ya busta kama ina ufa, mara nyingi unaanzia kwenye tundu la boliti. Angalia kama springi ya kurudisha viatu imekatika. Vyote vikiwa vizima, adjasta yenyewe ndiyo imekufa ndani, weka mpya, na ubadilishe ya kulia pamoja nayo.

Kama utafungua busta ya springi kwenye ekseli hiyo, kwanza ifungie kwa boliti yake. Boliti ndefu iko kwenye mfuko ubavuni mwa busta. Toa kifuniko cha nyuma, iingize, zungusha robo ishike, kaza nati kwa spana 19 mpaka springi irudi yote. Ile klampu ya kichwa cha springi usiiguse kabisa. Ndani mna nguvu ya karibu tani moja, na haina breki.